Ardhi Iliyosujudiwa: Musalla wa Shiraz, Nguzo ya Takwa na Kiwanja cha Manga

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetufanyia ardhi kuwa pahala pa kusujudia, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Katika kila nyumba ya Kiislamu ya pwani yetu mna mswala. Mama huukunjua alfajiri, akasali, akaukunja akauweka juu ya kabati usikanyagwe na watoto. Neno hili limetokana na Kiarabu, musalla, na maana yake ni mahali pa kusalia. Katika lugha yetu limekuwa jina la mkeka wa mtu mmoja. Lakini katika vitabu vya fiqhi, na katika miji ya kale ya Kiislamu, musalla ni uwanja mzima ulio nje ya mji, ambako watu wote hutoka kwenda kusali Idi mbili na sala ya kuomba mvua. Uwanja huo hauna paa, na mara nyingi hauna ukuta ila ule wa upande wa kibla.

Tumeyakumbuka haya kwa sababu ya barua tuliyoletewa na mama mmoja, mzaliwa wa Shela, Lamu, aliyeolewa Manga, katika kaunti ya Nyamira. Anasema watoto wake husali Idi katika uwanja wa kuazimwa. Waislamu wachache wa hapo wamechanga fedha, nao wamegawanyika katika rai mbili. Wako wanaotaka fedha hizo zitiwe katika msingi wa msikiti wenye mnara, hata ukikaa miaka mingi bila ya paa. Wako wanaotaka kwanza kinunuliwe kiwanja, sehemu iwe ya sala na sehemu iwe ya kuzikia. Mama anatuuliza: uwanja mtupu una heshima gani? Na watoto wake wataona nini ndani yake, wakilinganisha na mawe ya kale wanayoyaona kila wakija likizo kwa bibi yao?

Tuwatoe shaka kwanza wasomaji wetu wa pwani, maana jina la Manga huwapeleka wengi kwingine. Kwetu sisi Manga ni Uarabuni, na Mmanga ni mtu aliyekuja kwa jahazi kutoka Omani; ndiyo maana tukawa na pilipili manga na komamanga. Manga ya barua hii haina jahazi wala bahari. Ni nchi ya vilima vya Abagusii, yenye ukingo mrefu wa mawe unaoangalia mabonde ya Kisii na Nyamira, yenye migomba, chai na mvua nyingi, na yenye mashamba madogo yaliyogawanywa tena na tena baina ya baba na wanawe.

Swali la mama huyu tutalijibu kwa kupitia njia ndefu kidogo. Tutaanza na musalla uliotajwa kuliko yote katika nchi ya Uajemi, ule wa Shiraz, pamoja na kaburi la bustani lililomo ndani yake. Kisha tutapita Herat. Halafu tutarejea pwani kwetu, tuvuke mkondo wa maji hadi Takwa, jirani na alikozaliwa muulizaji. Huko kote tutatafuta jambo moja tu: ni kitu gani kinachokifanya kiwanja cha sala kiwe hai?

Sunna ya kutoka

Mtume (s.a.w.) alikuwa na msikiti wake Madina, nao ni miongoni mwa misikiti mitatu iliyo bora duniani. Hata hivyo, siku za Idi alitoka akaenda katika uwanja, akawasalisha watu hapo, kisha akawahutubia. Katika uwanja ule hakujenga jengo. Mbele yake ulisimikwa mkuki mfupi uwe sutra, na hicho ndicho kilichokuwa kibla chao cha kuonekana kwa macho.

Akina mama watafurahi kukumbuka hadithi ya Ummu Atiyya (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Amesimulia kwamba waliamrishwa kuwatoa wanawake wote siku za Idi, wakiwemo wanawali na walio katika ada ya mwezi, ili washuhudie kheri na dua ya Waislamu; walio katika ada wajitenge na sala yenyewe. Alipoulizwa Mtume kuhusu mwanamke asiye na vazi la kutokea, alijibu kwamba mwenziwe amvishe katika nguo zake. Tuizingatie amri hiyo. Mwanamke asiyesali siku ile bado ana nafasi yake katika musalla. Uwanja unamkusanya kila mtu, na wala haumuulizi ana nguo gani.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba msikiti ukiwatosha watu wote basi kusali Idi msikitini ni bora, na ukiwa mdogo watu watoke uwanjani. Wenzetu wa madhehebu nyingine wamependelea uwanja kwa hali yoyote. Wamebainisha vile vile kwamba uwanja wa musalla hauchukui hukumu zote za msikiti maadamu haukuwekwa wakfu kuwa msikiti: mwenye kuingia hatakiwi rakaa mbili za kuamkia msikiti. Hukumu hizi zinatofautiana, lakini hakuna aliyesema kwamba uwanja mtupu hauna heshima.

Udongo wa musalla

Waajemi walipokuwa Waislamu waliichukua sunna hii wakaivika sanaa yao. Nje ya miji yao walitenga viwanja vya Idi, na katika vingi vyao walijenga upande wa kibla tao moja kubwa, refu, lililo wazi mbele. Tao la namna hiyo huitwa aiwani. Watu waliopanga safu uwanjani waliliona kutoka mbali, wakajua pa kuelekea. Nyuma yao na juu yao ni mbingu tu.

Uwanja wa Shiraz ulikuwa upande wa kaskazini wa mji, karibu na njia ya mlimani inayoitwa Tang-e Allahu Akbar. Inasemekana jina hilo limetokana na takbira ya msafiri, ambaye anapotokeza kati ya majabali huiona Shiraz na bustani zake zimetandazwa chini. Katika mlango wa njia hiyo lilijengwa lango, na katika chumba cha juu yake Karim Khan Zand, mtawala wa Uajemi katika karne ya 18, aliweka misahafu, ili kila msafiri apite chini ya Qur'ani akitoka na akirejea. Maji ya kijito cha Ruknabad yaliteremka karibu na hapo, na kwa maji hayo sehemu za musalla ziliota miti, zikawa bustani za watu kupumzika.

Mahali hapo ndipo alipozikwa Shamsuddin Muhammad, aliyejulikana kwa lakabu ya Hafiz kwa sababu aliihifadhi Qur'ani yote moyoni. Walimwengu wanamjua kwa mashairi yake ya Kiajemi. Sisi wa madrasa tumtazame pia kama mtoto aliyekaa mbele ya ubao na mwalimu. Tarehe ya kufa kwake imefichwa ndani ya maneno mawili, khaki musalla, yaani udongo wa musalla. Waliosoma hesabu ya abjadi wahesabu pamoja na watoto wao: kha ni 600, alifu ni 1, kafu ni 20, mimu ni 40, swadi ni 90, lamu ni 30, ya ni 10. Jumla yake ni 791, na huo ndio mwaka wa Hijria, sawa na 1389 Miladi. Wanahistoria wengine huutaja mwaka wa 792, yaani 1390. Tazameni basi: maneno yenyewe yanayotaja kaburi lake yanataja pia mwaka wa kufa kwake.

Kaburi lile halikuanza na kuba. Kwa zaidi ya miaka 60 lilikuwa kaburi miongoni mwa makaburi. Mwaka 1452 Abul Qasim Babur, mtawala wa ukoo wa Timur, alijengewa hapo jengo dogo la kuba na waziri wake. Jengo hilo likachakaa, likatengenezwa, likachakaa tena. Mwaka 1773 Karim Khan Zand aliijenga upya sehemu yote: akatengeneza bustani ya mbele, akajenga ukumbi ulio wazi wenye nguzo 4 za mawe, na akaweka juu ya kaburi jiwe la marmari lililochongwa mashairi ya marehemu kwa hati nzuri. Jiwe hilo lipo mpaka leo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Iran iliagiza jengo tunaloliona sasa, na mchoro ukafanywa na Wafaransa wawili, André Godard na Maxime Siroux. Wao hawakuuvunja ukumbi wa Karim Khan. Waliurefusha kwa pande zote mbili mpaka ukawa na nguzo 20, na zile 4 za kale zikabaki katikati.

Anayeingia leo hupita kwanza katika bustani ya mbele, yenye michungwa na madimbwi ya maji. Hupanda ngazi, akapita baina ya nguzo za ukumbi. Nyuma ya ukumbi ndipo lilipo kaburi, limeinuliwa juu ya ngazi za mviringo. Halikuzungukwa na ukuta wowote. Limesimamiwa na nguzo 8, kila moja ikiwa na urefu wa mita 10 hivi, na juu yake kuba la shaba linalofanana na kofia ya darweshi. Akiinamisha kichwa ataona jiwe. Akikiinua ataona ndani ya kuba vigae vidogo vya rangi nyingi vilivyopangwa kama nyota.

Mafundi wa Uajemi tangu kale walipenda kuigawa bustani katika sehemu nne kwa mifereji ya maji. Mtindo huo ni wa kale kuliko Uislamu katika nchi ile, lakini Waislamu waliupenda zaidi walipokumbuka mito minne ya Peponi iliyotajwa katika Sura Muhammad: maji, maziwa, mvinyo usiolevya akili na asali. Kuliweka kaburi ndani ya bustani ni namna ya kumtakia marehemu Pepo kwa miti na maji. Neno lenyewe, bustani, tumelipata kutoka Kiajemi, kama tulivyopata bandari na serikali.

Sasa tuangalie lililotokea. Wengi wanaofika hapo leo hufika kwa ajili ya mshairi. Hugusa jiwe kwa vidole viwili wakasoma Fatiha, na hilo ni jema kwa maiti. Wengine hufungua diwani yake kutafuta fali ya mambo yao, na hilo sisi hatulikubali, kwani ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini uwanja wa Idi, uliokuwepo kabla ya kaburi na ulioipa bustani jina lake, umebaki jina tu. Kaburi limekua, likajengwa mara kadhaa, likavishwa shaba. Musalla umemezwa na bustani na mji. Jengo zuri linaweza kuifanya ardhi isahau kazi yake ya kwanza.

Malkia wa Herat

Zamani nchi ya Waajemi ilienea hadi Herat, ambayo leo imo Afghanistan. Huko kulikuwa na musalla mwingine, nao kisa chake ni cha mwanamke. Gawhar Shad, mke wa Shah Rukh mwana wa Timur, alikuwa na fedha zake na rai yake, akazitumia katika ujenzi. Fundi wake mkuu alikuwa Qavam al-Din wa Shiraz. Mwaka 1417 walianza Herat musalla mkubwa pamoja na madrasa, wenye minara mirefu iliyofunikwa vigae vya buluu. Malkia huyo huyo na fundi huyo huyo walikamilisha mwaka 1418 msikiti wa Ijumaa katika mji wa Mashhad, ambao unaitwa kwa jina lake hadi leo. Gawhar Shad aliuawa mwaka 1457 katika fitina za kugombea ufalme, akazikwa katika kuba alilolijenga kwenye madrasa yake.

Mwaka 1885, Amiri Abdur Rahman wa Afghanistan, akishauriwa na Waingereza, aliamuru majengo ya musalla yabomolewe, kwa kuhofia jeshi la Warusi lisije likajificha ndani yake. Jeshi hilo halikufika Herat. Kazi ya miaka mingi ilivunjwa kwa ajili ya vita ambavyo havikupiganwa hapo. Kuba la malkia lilibakia, na minara mitano ingali imesimama peke yake, mmoja umeinama ukashikiliwa kwa kamba za chuma. Lakini msikiti wa Mashhad unasaliwa kila siku. Mjenzi ni mmoja, fundi ni mmoja, na ustadi ni mmoja. Uliopata watu wa kuurudia kila wakati wa sala ndio uliobaki hai.

Waajemi waliomo katika makaburi yetu

Msomaji wa pwani atasema: Shiraz si ngeni kwetu. Ni kweli. Tarehe ya Kilwa inamtaja Ali bin Hasan aliyekuja kutoka Shiraz, na koo nyingi kuanzia Lamu hadi Ngazija zinajiita za Kishirazi. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, umechongwa kiblani mwaka wa 500 Hijria, yaani 1107 Miladi, kwa hati ya Kufi. Na msikiti ule, baada ya kutengenezwa upya, unasaliwa hadi leo. Huko Tongoni, karibu na Tanga, msafiri Mwingereza Richard Burton alikiona mwaka 1857 kigae chenye maandishi ya Kiajemi katika makaburi ya kale.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama Washirazi walikuja kweli, au lilikuwa jina la fahari tu. Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani, ikiwemo Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa, na katika mji mmoja wa bara. Ilionekana kwamba kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000 Miladi. Sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na sehemu kubwa ya asili ya Kiafrika ilitoka kwa wanawake wa hapa. Kwa maneno mengine, baba zetu wengine walikuja na upepo wa kaskazi, na mama zetu walikuwa na nyumba zao hapa. Watoto walishika dini ya baba na lugha ya mama. Waliopenda kujinasibisha na Shiraz tu, na kuwadharau wa bara, walikuwa wanawasahau mama zao.

Na wageni wale hawakutuletea bustani ya Shiraz. Hatuna kijito cha Ruknabad. Tulikuwa na matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kwa vitu hivyo mafundi wetu walijenga kaburi la nguzo, ambalo ni alama ya mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Nguzo husimama juu ya ukuta wa kaburi, mara nyingine ikiwa imetiwa mabakuli ya kauri ya Kichina.

Takwa

Nguzo kama hiyo iko Takwa, katika kisiwa cha Manda. Mtu hufika kwa mashua, maji yakijaa, akipita katika mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Mji huu ulistawi katika karne ya 16 na ya 17. Ulizungushiwa ukuta, na nyumba zake za mawe zilielekezwa kaskazini, upande wa kibla. Katikati ulikuwa msikiti wa Ijumaa, na juu ya ukuta wake wa kibla imesimama nguzo, jambo ambalo ni nadra kuonekana. Nje ya ukuta wa mji, upande wa kaskazini, ndipo lilipo kaburi la nguzo lenye maandishi yanayolirejesha miaka ya 1681 na 1682.

Muda mfupi baada ya hapo mji ulihamwa. Zinatajwa sababu mbili: maji ya visima yalikuwa ya chumvi, na palikuwa na ugomvi na Pate. Watu walivuka mkondo wakaenda Shela, na kizazi chao kikaendelea huko. Mibuyu ikaota ndani ya nyumba, paa zikaanguka. Mwaka 1951 James Kirkman alipachimbua, na mwaka 1982 Takwa ikatangazwa kuwa turathi ya taifa.

Lakini kuna jambo ambalo halikuhitaji tangazo. Watu wa Shela hawakuacha kwenda. Mara mbili kwa mwaka huvuka maji wakafika kwenye kaburi lile, wakasali na kuomba mvua. Mji umekufa karne tatu zilizopita, nao wanaurudia. Hakuna kuba la shaba, wala bustani, wala madimbwi. Lipo jiwe, ipo kibla, na zipo nyayo za watu wanaojua njia.

Tunapolisifu hilo, tunaweka mpaka wake wazi. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kuzuru makaburi, kisha akawaruhusu, kwa kuwa yanakumbusha Akhera. Alikataza pia kuyafanya makaburi kuwa misikiti. Dua ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Aliyelala kaburini anaombewa, haombwi. Anayekwenda Takwa na aweke moyo wake hapo, na anayesali na aelekee Makka, asilielekee kaburi.

Kwa jamaa zetu wa Manga

Sasa tunaweza kumjibu mama wetu, na jibu letu ni hili: kinunuliwe kiwanja kwanza.

Tunasema hivi kwa sababu tatu. Ya kwanza ni maiti. Katika desturi ya Abagusii, mtu huzikwa katika boma lake. Sheria yetu haikukataza kumzika mtu katika ardhi yake, lakini wanazuoni wamesema makaburi ya Waislamu ni bora, kwa kuwa maiti hupata dua ya kila anayepita. Isitoshe, mashamba ya huko ni madogo na yanagawanywa kila kizazi. Kaburi la leo katika shamba la baba, kesho ni la mjukuu, na kesho kutwa ni la mnunuzi asiyejua aliyelala hapo. Msikiti unaweza kungoja. Maiti hangoji.

Ya pili ni kwamba sala haihitaji paa ili isihi. Msingi uliotiwa mnara na kuachwa njiani unakula fedha na kuzaa lawama, lakini kiwanja kilichonunuliwa kinasaliwa siku ile ile.

Ya tatu ni watoto, ambao ndio hasa waliomfanya mama aandike. Watoto hawahitaji kuonyeshwa mnara ili wajue kwamba wana asili. Wanahitaji mahali ambapo wataletwa kila mwaka na wazazi wao, pasipobadilika. Shiraz inatuonyesha kwamba jengo linaweza kubaki na sala ikaondoka. Herat inatuonyesha kwamba jengo linaweza kubomolewa kwa amri ya siku moja. Takwa inatuonyesha kwamba jengo linaweza kuanguka na watu wakaendelea kuja.

Kiwanja hicho kiwekwe wakfu kwa maandishi, hati yake iandikwe kwa jina la wadhamini na isiandikwe kwa jina la mtu mmoja, hata akiwa mchaji Mungu kiasi gani. Kwani watoto wake hawatakuwa yeye. Mpaka wa sehemu ya sala na sehemu ya kuzikia ujulikane tangu mwanzo, na makaburi yasiwe mbele ya wenye kusali. Katika sehemu ya makaburi pasijengwe juu ya kaburi la mtu yeyote, tajiri wala sheikh; wanazuoni wetu wamekataza kujenga katika makaburi ya wakfu kwa sababu kunawabana wengine wanaokuja. Jiwe la alama linatosha.

Upande wa kibla upangwe mstari wa mawe ya vilima vya hapo. Na hapa tunawatahadharisha waliotoka pwani. Lamu kibla ni kaskazini karibu na kunyooka, kimeegemea magharibi kwa digrii 2 na nusu hivi. Manga iko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla chake ni kaskazini kilichoegemea mashariki kwa digrii 12 hivi. Mama asiwapangie watoto safu kwa mazoea ya Shela. Na wapewe watoto wenyewe kazi ya kuyapanga mawe hayo, dira ikiwa mkononi, ili siku moja wawaambie watoto wao ni nani aliyeyaweka.

Kisha pembezoni ipandwe miti. Anayepanda mti, ukaliwa na mtu au ndege, ameandikiwa sadaka, hivyo ndivyo alivyotufundisha Mtume (s.a.w.). Manga ina kitu ambacho mafundi wa Shiraz walikitafuta kwa mifereji, nacho ni mvua. Huko bustani huota yenyewe. Kazi ya jamaa ni kuhakikisha kwamba bustani haiumezi musalla: miti ikae pembeni, katikati pabaki wazi kwa safu, na wanawake wapate nafasi yao ya kutosha kama alivyosimulia Ummu Atiyya. Siku moja kabla ya kila Idi nyumba zote zitoke kufagia na kufyeka, wakubwa kwa wadogo.

Mwenyezi Mungu akiwajaalia msikiti baadaye, utajengwa juu ya ardhi ambayo tayari imesujudiwa, na ambayo ndani yake wamelala watu wanaoombewa kwa majina yao. Asipowajaalia, watakuwa na kile walichokuwa nacho Waislamu wa Madina siku ya Idi: uwanja, kibla na wenzao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala Takwa, Kizimkazi, Tongoni na Manga, waliojulikana na waliosahauliwa. Awape nguvu mama wanaowalea watoto wa Kiislamu mbali na walikozaliwa. Na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaorudi pale wanapoitwa kusujudu. Amin.

Wabillahi tawfiq.